Shajara ya Mai: nikijifunza kutengeneza programu ya simu hapa Lamu

Siku ya 1

Naanza leo. Naandika ili nikikwama nijue nilikwamia wapi, na atakayekuja nyuma yangu aone njia ilivyokuwa.

Duka letu la vipuri vya mashine za boti liko Langoni, hatua chache kutoka gatini. Mteja akiingia, kabla hajauliza bei ya plagi wala propela, huuliza kwanza: "Maji saa ngapi leo?" Watu wa Siyu, Faza na Kizingitini hupitia Mkanda, ule mkono mwembamba wa bahari baina ya kisiwa cha Manda na bara, na Mkanda unataka maji yaliyojaa. Ukichelewa unakaa juu ya tope katikati ya mikoko, na abiria wako, na watoto wao, jua liwakalo, mpaka bahari irudi. Pale dukani anayejua jibu ni Ami, ndugu yake baba, nahodha tangu ujana wake. Akiwa safarini, mteja anaondoka na plagi yake bila jibu.

Nataka programu ya simu inayojibu swali hilo moja. Ijibu kwa saa zetu za Kiswahili, na ijibu hata pasipo na mtandao, maana anayeulizia maji mara nyingi yuko mahali ambapo simu haina mtandao. Nimeiita Mai, ndiyo maji kama tunavyosema Kiamu.

Kuhusu kutengeneza programu sijui kitu. Nilisoma kompyuta miezi mitatu nilipomaliza shule, nikajua kuandika barua na kupanga hesabu za duka. Basi.

Siku ya 2

Nimemuuliza kila ninayemjua mwenye harufu ya kompyuta: "Nataka kujifunza kutengeneza programu ya simu, nianze wapi?" Mmoja akasema Java, lugha ya kuandikia programu. Mwingine akasema Java imepitwa, soma Kotlin. Wa tatu akasema Flutter, ukiandika mara moja inafanya kazi kwenye Android na iPhone. Wa nne akaniambia nijifunze tovuti kwanza, mwaka mzima, ndipo nirudi kwenye simu. Kuhusu iPhone nimeuliza zaidi: inataka kompyuta ya Mac na ada ya dola 99 kila mwaka. Hilo nimelifunga leo leo. Wateja wetu karibu wote wana Android.

Majibu mengine nimelala nayo. Kila mmoja alinijibu anachotumia yeye, na wala sioni vibaya, maana sikumwambia yeyote ninachotaka kujenga.

Siku ya 6

Binamu yangu wa Mombasa alinihimiza nipakue Android Studio, ndicho chombo chenyewe wanachotumia mafundi. Nimekipakua kwa bando, usiku kucha, zaidi ya gigabaiti moja. Asubuhi nikakifungua. Laptopu yangu ni ya mtumba, ina RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya gigabaiti 4. Ilivuma kama jenereta, kishale kikaganda, na ilipozinduka ikataka kupakua vitu vingine vizito zaidi. Baadaye ndipo nikasoma kwamba chombo hiki kinataka gigabaiti 8 kwa uchache, na kile kipengele cha kuonyesha simu ya bandia ndani ya kompyuta kinataka zaidi ya hapo.

Bando limekwisha. Leo sina la zaidi.

Siku ya 8

Nimekwenda kwa fundi mwenye duka la kompyuta nyuma ya Usita wa Mui. Nikamweleza habari ya Java na Kotlin na Flutter. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa risiti tupu na kalamu, akasema, "Nichoree hiyo programu yenyewe. Mtu akiifungua anaona nini?"

Nilikaa na ile kalamu muda mrefu. Nikachora mstatili. Ndani nikaandika jina la mahali, chini yake saa kubwa, chini kabisa mshale: juu kama maji yanajaa, chini kama yanakupwa. Sikuwa na kingine cha kuongeza.

"Kwa haya," akasema, "laptopu hii inakutosha. Tumia App Inventor." Akanionyesha. Ni chombo kilichoanzia Google mwaka 2010 na tangu 2012 kiko mikononi mwa chuo cha MIT, Marekani. Kinafunguka ndani ya kivinjari tu, hakuna kupakua mzigo. Huandiki msimbo, yaani maagizo ya programu kwa maandishi: unapachika vipande vya rangi kama mtoto anavyopachika vipande vya picha, na simu yako unaiunganisha kwa kupiga picha alama iliyo kwenye skrini. Kisha kila unachogusa kwenye kompyuta kinaonekana papo hapo kwenye simu.

Nimetoka pale na programu yenye kitufe kimoja kinachosema "Salama?" na ukikibonyeza kinajibu "Salama salimini." Nimemwonyesha Ami. Amekibonyeza mara tano.

Siku ya 9 hadi 20

Nimejenga kwa vipande kila jioni baada ya kufunga duka. Nimejua kigeu ni nini: ni mahali penye jina unapoweka thamani, na thamani inaweza kubadilika. Nimejua sharti: ikiwa hivi, fanya vile. Nimejua kwamba programu haidhani. Nisipoiambia kitu, hakipo.

Siku ya 21

Hesabu ya maji imekuwa fundo. Vipande vimejaa skrini nzima, nikitafuta kimoja navuta pembeni mpaka nasahau nilikuwa natafuta nini. Fundi ameangalia akasema sasa naweza kwenda kwenye kuandika, kwa sababu najua ninachotaka kuandika. Ameniongezea RAM nyingine ya gigabaiti 4 aliyoitoa kwenye mashine iliyokufa, na ameniambia nisiiguse kabisa ile simu ya bandia: nitumie simu yangu mwenyewe kwa waya wa USB. Unaingia kwenye mipangilio, unagonga nambari ya muundo mara 7, na simu inakufungulia chaguo za wasanidi programu. Kuanzia hapo kila ninachoandika kinatua kwenye simu halisi, iliyo mkononi.

Nimechagua Kotlin. Ilitangazwa na kampuni ya JetBrains mwaka 2011, na tangu 2019 Google inaitanguliza mbele ya lugha nyingine zote kwa Android. Nimesoma kwamba jina lake ni la kisiwa cha huko Urusi, Ghuba ya Finland. Java nayo jina lake linarudi kwenye kisiwa. Nimelifurahia sana jambo hili, mimi mtu wa kisiwani.

Siku ya 26

Onyo kwa anayeanza, na natamani ningeambiwa: angalia mwaka wa somo kabla hujalifuata. Nimepoteza siku nne. Nilifuata nusu ya somo moja na nusu ya jingine, na kila mstari ukawa mwekundu. La kwanza lilikuwa la zamani, la Java, skrini inapangwa katika faili za XML, kando ya msimbo wenyewe. La pili lilikuwa la Jetpack Compose, njia mpya ya Google ya kupanga skrini, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka 2021, na huko skrini yenyewe inaandikwa kwa Kotlin. Yote mawili ni sahihi. Hayachanganyiki tu, kama wali na uji.

Nimeshika somo moja, la Google lenyewe, la bure, la wanaoanza na Compose, na nimeapa kutoliacha mpaka liishe. Duka likiwa kimya, nafungua uwanja wa mazoezi wa Kotlin kwenye kivinjari cha simu, naandika mistari mitatu minne, naona jibu. Hapo hapahitaji laptopu wala kupakua chochote.

Siku ya 33

Leo ni siku kubwa, naiandika kwa kirefu.

Simu inahesabu saa kwa mtindo wa kizungu, kuanzia 0 hadi 23. Sisi saa moja yetu ni saa saba yao. Nikaandika: ongeza 6, gawanya kwa 12, chukua kinachobaki. Saa 7 yao: 7 na 6 ni 13, kinabaki 1. Saa moja. Nimejaribu saa nyingi, zote sawa. Nikampa mdogo wangu simu aangalie. Ilikuwa jioni, adhana ya magharibi inakaribia. Akasema, "Kaka, saa sufuri ndiyo saa gani?"

Kwenye skrini: *Maji yatajaa saa 0 na dakika 10.*

Nimekaa nalo usiku kucha. Nikaandika kwenye kikundi cha simu cha wanaojifunza: "Programu yangu haifanyi kazi, nisaidieni." Hakuna aliyejibu. Asubuhi nikasoma nilichoandika kwa macho ya mtu mwingine, nikaona hakina kitu cha kushika. Nikaandika upya. Nilitaka nini: saa ya Kiswahili. Nimeandika nini: huo mstari mmoja tu, si faili nzima. Nimeona nini: saa sita ya mchana inatoka sawa, saa kumi na mbili inatoka sufuri. Nimejaribu nini: kuongeza 7 badala ya 6, na ikaharibu zote.

Haikupita hata nusu saa. Dada mmoja wa Malindi, anayesomea mambo haya, akanijibu kwa swali: "Kaka, kumi na mbili ukiigawanya kwa kumi na mbili, kinabaki nini?"

Sufuri. Bila shaka sufuri. Saa 18 yao na 6 ni 24, haibaki kitu. Nikaandika:

    fun saaYetu(saa: Int): Int {
        val baki = (saa + 6) % 12
        return if (baki == 0) 12 else baki
    }

Ikikosa kubaki kitu, ni saa kumi na mbili. Mistari miwili ya ndani, usiku mzima. Nimemshukuru, naye ameniambia jambo nililoliandika ukutani dukani: ile hali ya kupanga swali ndiyo iliyomfanya aone kosa kabla hajamaliza kusoma. Tangu leo kila nikikwama naandika kwanza yale mambo manne kwenye daftari. Mara mbili kwa siku moja nimeandika swali na jibu likaja kabla sijalituma.

Siku ya 40

Ami alichagua "Mkanda," akalaza simu ubavu asome vizuri, na chaguo likapotea. Kumbe Android, simu ikigeuzwa, inabomoa skrini na kuijenga upya, na kilichokumbukwa kwa `remember` kinakwenda na maji. Dawa ni `rememberSaveable`. Nimelijua kwa kuuliza swali lenye mistari mitano.

Siku ya 47

Umeme ulikatika, sikufanya kitu.

Siku ya 52

Mai sasa inatoa saa ya maji. Nilitumia kanuni ya Ami. Aliniambia: mwezi mosi, yaani siku ya kwanza ya mwezi wa angani, maji hujaa kama saa kumi unusu hivi, alasiri na alfajiri, na kila siku husogea mbele. Vitabuni nimekuta mwendo huo ni kama dakika 50 kwa siku. Umri wa mwezi nimeuhesabu: tarehe 6 Januari 2000 mwezi ulikuwa mpya, na kutoka mwezi mpya hadi mwezi mpya ni siku 29.53. Gawanya, chukua kinachobaki. Nilijivunia hesabu hiyo.

Leo ni mwezi tatu. Mai ikasema maji yatajaa saa moja na robo usiku. Nikashuka gatini na chaki. Kila dakika kumi nikachora mstari pale maji yalipogusa ngazi. Yalipanda mpaka saa kumi na mbili, yakasimama, yakaanza kushuka. Saa moja na robo ngazi mbili zilikuwa zimeshatoka majini, na mistari yangu ya chaki iko juu, mikavu.

Ami alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakucheka. Alisema, "Mwanangu, mtu akifuata hii, saa hii yuko juu ya tope."

Sikula usiku huo. Hitilafu ya saa sufuri mtu anaiona na kuikataa. Hii ya leo inafanana na jibu sahihi kabisa.

Siku ya 54

Nimeketi na Ami barazani na karatasi. Nikamuuliza kama nilivyojifunza kuuliza: jambo moja dogo. "Ami, ukisema mwezi mosi, unaanzia wapi kuhesabu?"

"Unapoandama. Ukionekana."

Hapo hapo nikaelewa. Ile tarehe ya vitabuni ni saa ambayo mwezi umekaa upande wa jua, na siku hiyo hakuna jicho linaloweza kuuona. Mwandamo unakuja siku moja au mbili baadaye. Mwezi mosi wa kompyuta na mwezi mosi wa Ami ni siku mbili tofauti, na kila siku moja ya tofauti ni dakika 50 za maji. Wote wawili walikuwa sahihi. Mimi niliunganisha nusu ya hesabu ya mmoja na nusu ya hesabu ya mwingine, kosa lile lile la siku ya 26.

Nimesogeza. Saa za mwezi tatu zimelingana na mistari yangu ya chaki.

Siku ya 55, 57, 60

Hazilingani tena. Mwezi sita: Mai imechelewa karibu saa nzima. Mwezi nane: imepatia. Mwezi kumi na moja: imetangulia, maji yamejaa baada ya saa yake. Imekosea, imepatia, imekosea upande wa pili. Nimeandika yale mambo manne na kuyatuma. Dada wa Malindi amejibu kwa uaminifu: msimbo hauna kosa, kanuni ndiyo mbovu, na kanuni ya maji hajui. Amenishauri nimtafute mtu wa fizikia, niache watu wa kompyuta.

Siku ya 63

Mwalimu wetu wa fizikia wa zamani ni mstaafu, anakaa Mkomani. Nimekwenda baada ya swala ya alasiri na daftari langu la chaki. Ameangalia namba zangu kwa furaha niliyokuwa sijaiona kwake darasani. "Umeyapima mwenyewe haya?"

Akanichorea. Mwezi unavuta bahari, na jua pia linavuta, kwa nguvu iliyo chini kidogo ya nusu ya ile ya mwezi. Wimbi la mwezi linarudi kila saa 12 na dakika 25. La jua linarudi kila saa 12 kamili. Yakikutana kileleni ndiyo bamvua: maji yanapanda sana na kukupwa sana. Yakipishana, moja juu na jingine chini, ndiyo maji mafu. Na kwa kuwa mawimbi mawili yanavutana, kile kilele cha pamoja hakisogei kwa mwendo mmoja. Karibu na bamvua kinachelewa kama dakika 40 kwa siku. Karibu na maji mafu kinachelewa saa nzima na zaidi. Zile dakika 50 ni wastani tu.

Nilipomweleza Ami jioni, akasema hilo analijua: maji mafu hujikokota. Ndivyo alivyokuwa akiniambia tangu mwanzo, nami nikidhani ni maneno ya kusindikizia hadithi.

Siku ya 66

Nimefuta dakika 50. Sasa msimbo una mawimbi mawili, moja la saa 12.42 na moja la saa 12, yanajumlishwa. Programu inapima kimo kila dakika 5, mara 288 kwa siku, na inapokuta kimo kilicho juu kuliko cha kabla yake na cha baada yake, hicho ndicho kujaa. Kiasi cha kila wimbi nimekirekebisha kwa kulinganisha na jedwali la maji la Kilindini na mistari yangu ya chaki. Simu ya bei ndogo inamaliza yote kabla kidole hakijatoka kwenye kioo.

Siku ya 67

Nimepanda na Ami kwenda Faza. Mwezi kumi na nane. Mai ilisema saa kumi na mbili na robo asubuhi, tukaondoka gizani. Tulipoingia Mkanda maji yalikuwa yameifunika mizizi ya mikoko, na Ami akapita bila kupunguza mashine. Mtandao ulikuwa umeshakatika nyuma, na Mai ikaendelea kujibu. Niliitazama skrini yake kama mtu anavyomtazama mtoto wake akisoma mbele ya watu.

Lakini yako niliyoyaona kule ambayo dukani nisingeyaona. Jua lilipopanda, maandishi ya kijivu yakapotea kabisa. Kidole cha Ami kilikuwa na maji ya chumvi, na kioo hakikukisikia, au kilisikia kitufe cha jirani. Na Ami hasomi bila miwani, na miwani haivai baharini. Kwa hiyo: maandishi meusi tupu kwenye nyeupe, saa ijaze nusu ya kioo, vitufe viwe viwili tu na viwe vikubwa. Nimeongeza pia neno *Kadirio* juu ya saa, na chini yake: *Nahodha ndiye mwenye uamuzi.* Sitalitoa neno hilo hata nikiombwa.

Siku ya 81

Nimelipa dola 25 za kujiandikisha Google Play, hulipwa mara moja tu. Kisha nimekuta sharti: mtu binafsi mwenye akaunti mpya lazima apate wajaribu 12, wakae na programu siku 14 mfululizo, ndipo aombe ruhusa ya kuiweka hadharani. Wanaoanza hawaambiwi hili mapema. Anzeni kutafuta watu wenu mkiwa bado mnaandika.

Siku ya 90

Wamefika 12. Manahodha watano, mvuvi wa Kipungani, mwalimu wa fizikia, fundi, mdogo wangu, binamu wa Mombasa, mchuuzi wa samaki wa Siyu, na dada wa Malindi. Kazi haikuwa kuwashawishi. Kazi ilikuwa barua pepe. Karibu kila simu ya Android ina akaunti ya Google, na watatu kati ya manahodha hawakuwahi kuijua yao, ilifunguliwa na muuza simu siku ya kwanza. Nimekwenda baraza hadi baraza, nikikaa na kila mmoja mpaka ipatikane.

Siku ya 94

Yule mchuuzi wa Siyu amenipigia akiwa na hasira, na ana haki. Alikwenda kuangalia maji ya "usiku wa Ijumaa" akakuta saa nyingine kabisa. Kwetu usiku hutangulia mchana: usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata Alhamisi magharibi. Simu inageuza siku saa sita ya usiku. Sasa saa zote za baada ya magharibi zimeandikwa "usiku wa kuamkia," na hapo hakuna wa kupotea. Nimemwomba radhi, akanitumia kamba.

Siku ya 101

Siku ya 12 kati ya 14, na hakuna aliyejitoa.

Kijana wa jirani amekuja dukani, amesikia habari ya Mai, anauliza aanze wapi. Nimempa risiti tupu na kalamu. Amechora mpaka nikafunga duka: anataka mama yake aandike anayedaiwa ubuyu na viazi karai. Kesho atarudi, tutaanza na vipande.

Kesho pia ni maji mafu, mwezi ishirini na tatu, siku ngumu kuliko zote kwa hesabu yangu. Mai inasema yatajaa saa tano na dakika kumi asubuhi. Ami ameitazama, ameutazama mkondo, akasema saa tano unusu. Hatukubishana. Nimenunua chaki mpya, na kuanzia saa nne nitakuwa nimekaa kwenye ngazi za gati.